Boti Yenye Choo

Jumapili jioni, mwezi wa nane. Upepo wa kusi umevuma tangu alfajiri, na hapa chini kwenye Mtaa wa Sikukuu bado unasukuma maboksi matupu mbele ya maduka yaliyofungwa. Jua lilikuwa kali, sasa kuna ubaridi mzuri. Mgongo unaniuma. Viganja vimechubuka. Nimeoga kwa sabuni ya kufulia na bado nanuka dizeli.

Nina furaha ya kijinga kabisa.

Niseme moja kwa moja, maana hapa sipo kanisani wala kwenye kikao cha ukoo: leo nimeihamisha boti yangu kubwa kutoka Mtoni, nikaipitisha kwenye mlango wa bandari pale Feri, nikaipeleka hadi Msasani. Injini ilizima njiani, mahali pabaya kuliko pote. Tumefika. Kama hupendi watu wanaojisifu, leo usisome.

Kwa wale ambao hawajanizoea: mimi nauza maturubai Kariakoo. Nashona vifuniko vya malori, mahema ya misiba na harusi, miamvuli ya wauza matunda. Ni Mchaga wa Machame. Hadi nakuwa mtu mzima, maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaingia ni ya mfereji wa kumwagilia migomba, na hayo yalinifika magotini. Bahari niliingia kwa mlango wa cherehani. Mteja mmoja aliniletea tanga lililochanika, nikalishona, halafu nikataka kuona kama mshono wangu utashika likijaa upepo. Akanipandisha kwenye boti yake. Mshono ulishika. Mimi ndiye sikushika tena adabu ya kukaa nchi kavu.

Baadaye nilinunua kiboti changu, cha faiba, tanga moja, kimetumika na watu wengi kabla yangu. Kiliniangusha majini nikazoea. Kila Jumapili mchana nilikuwa natoka nacho peke yangu, na huko hakuna aliyeniita Mama Brayani, hakuna aliyeuliza turubai la kijani lipo. Nilikuwa mimi na kamba na kelele za maji.

Mwezi wa sita nilikiuza kwa mke na mume, walimu wa Tabata. Walipokisukuma majini huku wanachekana, nilijifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Sikulilia kiboti. Nililia ule upweke wake. Boti kubwa haikubali mtu mmoja, angalau si mtu wa kiwango changu. Ina matanga mawili. Ina mlingoti mrefu kuliko nguzo ya umeme. Chini ina mkuku, bamba zito la chuma linaloizuia isipinduke. Ndani ina vitanda vinne, jiko dogo la gesi, na choo. Nilijua siku ya kwanza nilipoingia ndani yake kwamba nikiitaka hii, lazima nianze kuwaomba watu waje. Kuomba si kitu ninachokiweza.

Ilikuwa ya Mzee Firoz wa Upanga, ambaye magoti yamemgomea. Imekaa kwenye mkondo wa Mtoni muda mrefu, ikafuga chaza tumboni na ndege juu. Kuna watu walitaka kuinunua waifanye baa ya kuelea. Mzee akawakatalia. Mimi aliniuliza swali moja tu: "Utaitembeza?" Nikamwambia nitaitembeza. Akanipa funguo, halafu akanishika mkono muda mrefu kama mtu anayeoza binti yake.

Tanga lake kubwa lilikuwa limeliwa na jua. Dukani kwangu halikuenea hata likikunjwa, kwa hiyo nilimwomba mwenye nyumba, tukalipandisha juu ya paa la ghorofa letu. Fikiria: Kariakoo, katikati ya matangi ya maji na kamba za nguo, tanga jeupe limetandazwa paa zima, na mimi juu yake nimepiga magoti na sindano ya turubai. Upepo ukija linainuka kidogo kama linapumua. Majirani walipanda kuangalia. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu aliniuliza hilo hema ni la msiba wa nani.

Aliyekuwa ananisaidia kulishikilia ni Hamisa, jirani yangu wa dukani. Anauza zipu, nyuzi na lastiki, meza yake inatazamana na mlango wangu. Ni mtu wa Masasi. Watu wakisikia anatoka Mtwara wanadhani kazaliwa majini. "Masasi ni mawe na korosho," huwa anawajibu. "Bahari nimeiona Dar, kama nyie."

Siku tulipomaliza kushona, alikaa juu ya tanga akanyoosha miguu, akasema, "Sasa shoga, hili tanga nimelishikilia wiki zote hizi. Utanipeleka au unanipa asante ya soda?"

Kumbe sikuhitaji hata kuomba. Tangu hapo kila Jumapili tumekuwa tukienda Mtoni kujifunza. Kupandisha, kushusha, kufunga, kufungua. Tulifanya boti ikiwa imefungwa kwenye boya, hatuendi popote, wavuvi wa ng'ambo wanatucheka. Hamisa ana mikono ya mtu aliyebangua korosho. Kamba ikiwa mikononi mwake haitoroki.

Halafu kuna mama yangu.

Mama alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho. Jicho limepona zamani, lakini amebaki, anasema anamsubiri Brayani afunge chuo. Mume wangu yuko Mwanza kikazi, kwa hiyo nyumbani tupo wawili. Habari ya boti aliijua kupitia kaka yangu Deo, ambaye alimpigia kutoka Moshi kumwambia kwamba dada yake amechanganyikiwa. Deo ana msemo wake mmoja kuhusu hili jambo: boti haina hati. Wenzangu wanajenga nyumbani, kila Krismasi wanapandisha lenta, mimi nanunua kitu kinachoelea.

Mama hakunisema. Alikaa kimya siku kadhaa, na kimya cha mama yangu unaweza kukikanyaga kikalia. Juzi Ijumaa, tukiwa tunachambua mchicha, akaniuliza, "Hiyo mashua yako ina choo?"

Nikamwambia inacho, tena kina mlango.

"Basi Jumapili nitaenda."

Anakunywa dawa za presha, zile zinazompeleka haja ndogo kila saa. Kumbe mwaka mzima wa kiboti, nilipodhani anaidharau bahari yangu, alikuwa anawaza choo. Nilijisikia vibaya na nilitaka kucheka, vyote pamoja.

Nilipaswa kumkatalia. Safari ya kwanza na boti mpya si ya kumbebea mtu aliyevuka miaka sabini. Lakini nilimtazama anavyokata mizizi ya mchicha, nikajua kwamba sitaombwa tena.

Asubuhi ya leo akatokea amevaa gauni lake la kanisani, kanga mbili, na kofia ya sufu. Hamisa alipomwona akasema, "Shikamoo bibi, unaenda Kilimanjaro au baharini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Baridi haina kwao."

Tukamvalisha jaketi la kuokolea juu ya kanga. Akakaa nyuma kwenye benchi, mkono umeshika chuma, na hakuuliza kitu.

Tulikuwa tumeshaomba ruhusa bandarini, tukaambiwa tupite pembeni, tusikae njia ya meli. Maji yalikuwa yanakupwa, yakitusaidia kutoka. Injini ilivuma vizuri. Tukapita kando ya meli za makontena, kubwa hadi unahisi aibu, mabaharia wakatupungia kutoka juu huko. Hamisa akawapungia kama malkia. Nilikuwa nimesimama kwenye usukani, wa duara kama wa gari, na niliwaza: laiti wateja wangu wangeniona. Ndiyo, niliwaza hivyo hivyo. Sikuwaza uumbaji wa Mungu.

Tulipokaribia Feri mawimbi ya nje yakaanza kuingia. Boti ikainama, ikainuka. Pantoni ilikuwa inaondoka upande wa Kigamboni, imejaa watu na magari.

Injini ikakohoa.

Ikakohoa tena, ikazima.

Sasa najua kilichotokea. Tangi lilikuwa na uchafu wa miaka, umelala chini kwa sababu boti haikuwa inatembea. Mawimbi yalipoitikisa, uchafu ukaamka ukaziba njia ya mafuta. Lakini wakati ule sikujua. Nilijaribu kuwasha, ikaguna tu. Nikajaribu tena. Kilichobaki ni sauti ya maji yanayotuvuta, taratibu, kuelekea mbele ya ile pantoni.

Pantoni ikapiga honi. Nimeisikia honi hiyo maisha yangu yote ya Dar nikiwa upande wa pili, nikila samaki wa kukaanga. Sikuwahi kudhani siku moja itakuwa inaniita mimi.

"Hamisa, tanga!"

Alikuwa ameshafika kwenye mlingoti kabla sijamaliza neno. Akavuta. Tanga likapanda, likapanda, likafika nusu likakwama. Akavuta kwa uzito wake wote. Halikusogea. Niliona kamba imenasa kwenye kibanio juu ya kichwa chake, mahali ambapo yeye asingeweza kuifikia bila kuachia. Ilihitaji mtu wa pili pale mbele. Na usukani ulihitaji mtu.

Boti nzito ikizimika injini huendelea kuteleza kwa muda. Ule muda ndio tuliokuwa nao.

Niligeuka nikamwangalia mama.

"Mama, njoo ushike hapa."

Alisimama. Hakusema "mimi?" Alisimama na kofia yake ya sufu, akashika usukani kwa mikono miwili. Mama yangu hajawahi kuendesha hata baiskeli.

"Unaiona ile meli nyekundu, kule nje mbali?"

"Naiona."

"Pua ya boti iiangalie ile meli. Ikihama huku, zungusha kidogo huku. Kidogo tu. Usiiache."

"Nenda," akasema.

Nilikimbia mbele. Nilipanda juu ya sanduku la kamba, nikaukumbatia mlingoti kwa mkono mmoja, nikaivuta ile kamba kwa mwingine. Ilikuwa imekaza kama chuma. Hamisa alilegeza kidogo, ikagoma. Akalegeza tena. Ngozi ya kiganja ikaondoka, kamba ikafyatuka, na Hamisa akaanza kuvuta huku anapiga kelele za Kimakua ambazo sijui maana yake na sitaki kujua. Tanga likafika juu. Likapiga makofi mazito, pa, pa, pa. Kisha likajaa.

Mishono yangu yote ilikuwa pale juu, naiona mmoja mmoja kwenye jua. Hakuna hata mmoja uliofumuka.

Boti ikalala upande, ikaanza kwenda. Sijui nieleze vipi. Kiboti changu kilikuwa kinaruka kama mbuzi. Hii ilijivuta kama ng'ombe anayeinuka, polepole, halafu hakuna wa kuisimamisha.

"Mae! Inaanguka!" mama akalia.

"Haianguki mama! Ndivyo inavyotembea! Angalia meli!"

"Naiangalia!"

Pantoni ilikuwa imepunguza mwendo kutupisha. Nahodha wake, popote alipo, Mungu amzidishie. Tulipita mbele yake kwa nafasi ya kutosha, lakini karibu kiasi cha kuona nyuso. Watu walikuwa wamejaa kwenye kingo, simu juu, na walichokiona hakikuwa mimi. Mimi nilikuwa bado nimening'inia kwenye mlingoti, sketi imechanika. Walichokiona ni bibi mwenye kanga na kofia ya sufu, ameshika usukani wa boti ya matanga, hapepesi jicho.

Sauti moja ikapaa, ya kijana, "Oyaa! Kapteni ni bibi!"

Pantoni nzima ikashangilia. Nakwambia nzima. Miluzi, vigelegele, bodaboda wanapiga honi zao humo humo ndani. Mama hakugeuza shingo. Alikuwa ameambiwa aangalie meli nyekundu.

Niliporudi nyuma nikaweka mkono kwenye usukani, hakuachia mara moja. Ilibidi nimguse bega.

"Nimeweza?" akaniuliza.

Hamisa ndiye aliyejibu kutoka mbele, amekaa chini anahema: "Bibi, umeweza kuliko mwenye boti."

Kuanzia hapo ilikuwa safari kama ninavyoziota. Upepo ukitusukuma ubavuni, Barabara ya Ocean inapita kushoto kwetu, majengo ya mjini yanageuka yanajificha moja nyuma ya jingine. Tukafungua tanga la mbele. Mama akaomba choo. Alikaa huko chini muda, tukasikia pampu ya mkono ya kusukuma maji inaenda na kurudi, akapanda amechoka.

"Choo chenu ni kizuri," alisema, "ila kinataka mtu aliyekula."

Tukampa chapati.

Sikuwaza kiboti changu hata mara moja. Nimekuja kugundua sasa hivi, nikiandika. Nilidhani ninachokipenda ni kuwa peke yangu. Labda nilichokipenda ni kutoulizwa kitu. Leo kulikuwa na watu wawili karibu yangu, na hakuna aliyeniuliza kitu, tulikuwa tunaangalia mbele wote.

Kufunga boti kwenye boya bila injini ndiyo sehemu iliyokuwa imebaki kunitia hofu. Mara ya kwanza nilifika na mwendo mkubwa, Hamisa akalishika boya likamponyoka, karibu aende nalo. Tukazunguka. Mara ya pili nikageuzia pua kwenye upepo mapema zaidi, tanga likalegea, boti ikapunguza, ikapunguza, ikasimama na boya liko chini ya mkono wa Hamisa kama kikombe mezani. Akalifunga. Nikasikia ukimya.

Nimefanya vitu vingi maishani. Nimesomesha, nimefungua duka, nimelihamisha likiungua. Lakini ule ukimya, boti kubwa imesimama pale nilipoiambia isimame, ule ni wangu.

Mzee Firoz alikuwa ufukweni. Dereva wake alimwekea kiti kwenye kivuli, lakini tuliposhuka na mtumbwi uliokuja kutuchukua tukamkuta amesimama kwenye jua, fimbo imezama mchangani. Nikamwamkia. Akaitikia, lakini macho hayakutoka kwenye boti.

"Sikusikia injini," alisema.

"Ilizima Feri, mzee."

"Pale Feri penyewe?"

"Pale penyewe. Tumekuja kwa tanga."

Akavua kofia yake, akaiweka kifuani, akatutazama sisi watatu: mwenye sketi iliyochanika, mwenye mikono iliyovimba, na mwenye kofia ya sufu.

"Mimi nimekaa nayo miaka yote," akasema, "na pale sijawahi kupita bila injini. Niliogopa."

Hakuna kingine nilichohitaji.

Tumerudi nyumbani saa ya machweo. Hamisa ameenda kwake Buguruni, ameapa kesho atauza zipu kwa kutumia viwiko. Nilimshukuru, kwa maneno kabisa, siyo kwa soda. Alinisukuma bega akasema nisimlize barabarani.

Nilikuwa nakorogea uji jikoni niliposikia mama sebuleni akiongea na simu. Anaongea kwa sauti kubwa na Deo kila siku, kana kwamba Moshi ni mbali sana kwa simu. Alikuwa anaongea Kichaga, lakini baadhi ya maneno hayana Kichaga. Nikasikia "pantoni." Nikasikia "usukani." Nikasikia "kapteni," mara nyingi. Halafu akanyamaza akasikiliza, na najua Deo alikuwa anasema lile neno lake la hati, kwa sababu mama alimkatisha kwa Kiswahili, polepole, ili na mimi jikoni nisikie:

"Deo. Hiyo ni mali. Nimeiendesha mwenyewe."

Nimeuepua uji ukiwa haujaiva vizuri, nikaenda kukaa naye sebuleni.

Kesho Jumatatu kuna lori la mtu linasubiri kifuniko, na lazima nipite kwenye maduka ya spea ya Gerezani kutafuta chujio la mafuta na fundi wa kulisafisha lile tangi. Nitafungua duka kama kawaida. Wateja wataniuliza mikono imefanyaje. Nitawaambia, na nitawaambia yote, na nitachukua muda wangu.

Mama ameshaenda kulala. Kabla hajafunga mlango alitoa kichwa.

"Leo hatujasali," alisema.

Nikamwambia ni kweli mama, tusamehewe.

"Jumapili ijayo twende ibada ya kwanza," akasema, "ndiyo tuwahi upepo."

Basi. Ibada ya kwanza.